Mgeni Aliyeuliza Habari za Taa

3 Februari

Kwa Mtunza Stoo, Kliniki ya Macho

Mwanangu (nakuita hivyo kwa sababu shirika limeniambia una miaka arobaini na moja, na mimi nina sitini na saba, kama hupendi, sema mapema),

Pokea salamu zangu. Mimi ndiye yule muuguzi mstaafu atakayekuja kujitolea kwenye kambi yenu ya macho mwezi wa tano, wiki sita. Shirika limenipa karatasi kumi na moja za maelezo. Zimenieleza chanjo, bima, mavazi, na la kufanya nikiumwa na mbwa. Hazikunieleza hata kimoja ninachotaka kujua. Nikauliza huko nani anajua kila kitu kilipo, wakasema mtunza stoo. Basi nakuandikia wewe. Nasikia kwenu simu haishiki mtandao mpaka mtu apande juu ya tenki la maji, na sitaki uvunjike mguu kwa ajili yangu. Gari la shirika linaloleta dawa litabeba barua.

Nimefanya kazi kliniki ya macho miaka thelathini na moja, nimestaafu miaka minne sasa. Sijawahi kuvuka mpaka wowote; pasi yangu bado inanukia gundi. Naishi na wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, fundi cherehani, ambaye anaona mtu wa umri wangu safari yake ndefu iwe ya kwenda dukani na kurudi. Namwacha aseme.

Haya, maswali. Kuuliza si ujinga. Chumba nitakacholala kina dirisha upande gani, na jua linaingia asubuhi au jioni? Kutoka chumbani hadi kliniki kuna ngazi ngapi, na kingo zake zimepakwa rangi? Meza ya kupimia iko karibu na dirisha? Taa zenu ni nyeupe au zile za manjano? Umeme ukikatika mnawasha nini? Halafu, watu wa huko wanacheka nini? Hilo nalitaka sana. Mgonjwa ukishamchekesha umemaliza nusu ya kazi.

Ni mimi,
Muuguzi Mstaafu


19 Februari

Mama, shikamoo.

Niite mwanangu, hakuna shida. Mama yangu mzazi huniita "wewe", kwa hiyo nimepanda cheo.

Barua yako nimeisomea stoo, nimekalia boksi la glavu. Dirisha lako linatazama mashariki, jua litakuamsha utake usitake. Ngazi ni saba, hazina rangi, na ya nne imemomonyoka. Meza ya kupimia iko kwenye kona, mbali na dirisha. Taa ni zile ndefu nyeupe, moja inapepesa tangu mwaka juzi. Umeme ukikatika tuna jenereta linalomtii dereva peke yake. Watu wa huku wanacheka mtu akianguka, mradi hajaumia, na akiinuka akajifanya alikuwa anatafuta kitu.

Nimepokea wageni wa kujitolea kumi na wawili kwa miaka sita. Wote waliuliza maji, chakula na mbu. Wewe ni wa kwanza kuuliza habari za taa. Nimelifikiria jambo hilo kuliko inavyonipasa. Kwa nini taa?

Kazi yako itakuwa matone. Kila mgonjwa wa mtoto wa jicho anawekewa dawa mbili kabla ya upasuaji, ya kupanua mboni na ya ganzi, kwa mpangilio na kwa dakika. Mwaka huu chupa zote zimekuja na vifuniko vyeupe, zimefanana kama pacha. Tofauti ni maandishi tu, na maandishi yenyewe ni madogo kama chawa. Mwaka jana kijana mmoja wa kujitolea alizichanganya, bahati daktari akawahi. Ndiyo maana nimefurahi kusikia anakuja mtu mwenye miaka thelathini na moja kazini.

Ila shida yetu kubwa si dawa, ni kwamba watu wanakimbia. Kambi iliyopita tuliandikisha arobaini na wawili. Walipimwa, wakapewa namba, wakakaa kwenye benchi. Waliofika kitandani ni kumi na sita. Wengine waliaga wanakwenda kunywa maji, na mpaka leo wanakunywa. Mmoja alitokea dirisha la choo, naye ana miaka sabini na haoni. Wewe wagonjwa wako ulikuwa unawaambia nini?

Wako,
Mtunza Stoo


6 Machi

Marahaba mwanangu.

Nimecheka habari ya dirisha la choo mpaka wifi akaja kuangalia kuna nini. Alitanguliza kichwa au miguu? Kuna mtu alimshikia? Usiniache njiani hivi.

Kuhusu taa usiumize kichwa. Mpishi akienda ugenini huuliza jiko, mtu wa macho huuliza mwanga. Hakuna zaidi.

Juzi nimepimwa afya kwa ajili ya fomu ya shirika. Moyo mzuri. Presha inaniheshimu. Goti la kulia limelalamika kidogo, nikalinyamazisha. Kwenye macho daktari alitundika chati ukutani, nikaisoma juu mpaka chini bila kukwama, hata ule mstari wa mwisho ambao vijana huukwepa. Akaandika "macho bora". Wifi alikuwa amenisindikiza, akakohoa.

Umeuliza nilikuwa nawaambia nini. Nilikuwa na maneno yangu, hayakubadilika miaka yote: "Dakika ishirini tu, hutasikia kitu, na kesho utamwona mjukuu wako alivyo na sura mbaya." Wanacheka, wanaingia. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyenitazama, kama naweza kusema alinitazama, akaniuliza, "Wewe ulifanyiwa lini?" Nikamjibu mimi ni muuguzi, si mgonjwa. Akasema, "Aa." Aliingia, lakini ile "aa" yake sijaisahau.

Nimeanza kupanga sanduku. Naweka, natoa, naweka. Niambie, asubuhi huko kunasikika nini cha kwanza? Rafu za stoo yako ni za chuma au za mbao? Na yule daktari mpasuaji, mikono yake ni mikubwa au midogo? Usicheke, nina sababu ya kuuliza.

Muuguzi Mstaafu


7 Machi

Kwa Mtunza Stoo

Hunijui, lakini mimi nakujua, maana barua yako nimesomewa kwa sauti nikiwa cherehani. Mimi ni wifi wa huyo muuguzi. Amenipa bahasha nikaipeleke kwenye ofisi ya shirika, nami nimeifungua kwa mvuke wa birika na kutia hii yangu ndani. Mungu anisamehe, na wifi asijue.

Nimesema nimesomewa. Si kweli. Alishika karatasi yako mbele ya uso, akaanza vizuri, halafu akasema miwani imechafuka, "hebu wifi nimalizie." Nimeisoma mimi karibu yote. Miwani naifuta kila siku, inang'aa kama kijiko cha harusi.

Wiki iliyopita aliliamkia koti langu lililotundikwa mlangoni. Akaliuliza limelalaje. Koti likanyamaza, jioni akaniambia siku hizi nina kiburi. Zamani ndiye aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano, nikawa namwita mashine. Sasa nikimwomba anaona ghafla kuna kitu kinaungua jikoni.

Na ile chati aliyojisifia! Aliwaning'inizia wagonjwa chati hiyohiyo miaka thelathini na moja. Ukimwamsha usingizini atakusomea, tena kwa kurudi nyuma. Yule daktari wa fomu ni mtoto, angejuaje?

Hapa ndipo nimekwama. Akikataliwa safari atavunjika moyo. Tangu astaafu sijamwona ana hamu na kitu kama alivyo na hamu na huko kwenu. Anauliza mpaka kelele za asubuhi. Lakini nimeisoma habari ya zile chupa mbili. Wifi yangu nampenda, ila sitaki ampofushe mtoto wa mwenzangu. Nimemwambia mficha uchi hazai, akaniambia yeye alishazaa. Nifanyeje?

Wifi mtu,
Fundi Cherehani


22 Machi

Kwa Fundi Cherehani

Dada, nimekuelewa. Nilikuwa nimeshaanza kushangaa kabla yako. Mistari ya barua yake ya pili ilikuwa inapandana kama abiria wanaogombea mlango. Sisi wa kliniki ya macho hatusomi barua tu, tunautazama na mwandiko.

Kanuni inataka nilitaarifu shirika leo. Lakini nitangoja kwanza gari liende na kurudi mara moja. Barua yake ninayotuma na hii ina kitu ndani. Mpe, na tafadhali usimsaidie hata akikuomba. Hata akikuomba mara mbili.

Mtunza Stoo


22 Machi

Mama, shikamoo.

Alitanguliza miguu. Hakuna aliyemshikia. Tumepima dirisha, hatujaelewa. Rafu ni za chuma. Sauti ya kwanza asubuhi ni mlinzi anayegombana na geti. Mikono ya daktari ni midogo kuliko yangu, nimeilinganisha kwa glavu: yeye namba sita na nusu. Sababu ya swali hilo naisubiri.

Nami nina udadisi wangu. Ndani ya bahasha hii kuna chupa mbili tupu, nimezisafisha. Ni zile zile za matone. Niandikie kila moja inaitwaje, na wewe huanza na ipi. Ninataka kujua kama huko kwenu mnafuata utaratibu wetu.

Mtunza Stoo


9 Aprili

Mwanangu,

Chupa zako nimeziweka dirishani siku tatu. Asubuhi nilizisogeza juani. Mchana nilizipeleka mlangoni. Nilizigeuza, nikazitia maji, nikazitazama kwa ndani ya maji, nikaazima lenzi ya fundi redio wa jirani. Kuna chupa mbili nyeupe zenye ukungu mweupe, basi. Nilimwita wifi anisomee jina moja tu. Akasema ana mteja. Hakukuwa na mteja, cherehani ilikuwa kimya.

Sijui inaitwaje hata moja. Na usinifanye mjinga, chupa tupu hazisafiri umbali wote huo kwa ajili ya udadisi. Mtu amekuambia, na mtu huyo anashona magauni. Nimemnunia siku mbili, ya tatu nikachoka, maana nyumbani hapa hakuna mwingine wa kuongea naye.

Nina mtoto wa jicho. Macho yote mawili, la kulia limezidi. Nilijigundua mwenyewe kwenye kioo mwaka mmoja na nusu uliopita, kabla ukungu haujaenea kwenye mboni yote. Chati sikuisoma. Niliikariri, kama mtoto anavyokariri sala. Yule daktari kijana alinyoosha kijiti, mimi nimeshapita mstari mmoja mbele yake. Nilijiona hodari sana. Nilipotoka nje nikamkanyaga mtu mguu.

Unajiuliza kwa nini muuguzi wa macho hajifanyii kitu ambacho amewaambia maelfu wafanye. Wifi amejiuliza hivyo kwa sauti ya juu, mlango wazi. Naogopa, mwanangu. Hiyo ndiyo sababu yote. Mgonjwa akilala pale haoni kisu. Mimi nimesimama kichwani pake, nimekiona, nimemkabidhi daktari kwa mkono wangu. Najua kila hatua. Kila nikiweka kichwa kwenye mto naanza hatua ya kwanza, na ya tatu sijawahi kuifikia. Ndiyo maana niliuliza mikono ya daktari.

Nilitaka safari hii kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwa mtu wa kusubiri mambo yapite. Nikajiambia taa zikiwa kali, na ngazi nikizijua idadi, nitaweza. Nilipanga kuweka wagonjwa wako matone kwa kukisia. Nimeiandika sentensi hiyo ili niione, na ni kubwa vya kutosha, nimeiona. Nimeona aibu.

Bahasha ya pili humu ni barua kwa shirika. Nimewaeleza fomu yangu si ya kweli na nimeliondoa jina langu. Ipeleke wewe. Mimi nikiipeleka naweza kugeuka nayo njiani.

Nitakosa kumjua yule mlinzi na geti lake.

Muuguzi


25 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeifikisha. Kabla ya kuifikisha nilimsomea daktari, unisamehe, na hapo ndipo tulipokaa kwenye ngazi ya nne tukazungumza mpaka dereva akapiga honi.

Shirika limekubali kukuondoa kwenye matone. Hutagusa chupa, hutapima mtu, hutashika kalamu ya fomu. Hilo limekwisha na wewe mwenyewe ndiye uliyelimaliza. Daktari naye ana neno lake. Anasema uje hivyohivyo. Siku ya kwanza ya kambi, mgonjwa wa kwanza kitandani, jicho la kulia, awe wewe. Ukishapumzika siku mbili, kazi yako iwe kukaa kwenye benchi na wanaosubiri. Basi, hiyo tu.

Sitakuambia dakika ishirini hutasikia kitu. Sijui. Sijawahi kufanyiwa. Ninachojua ni kwamba watu wangu wakikaa kwenye benchi lile hawaulizi kuhusu lenzi wala kisu. Wanauliza, "Aliyefanyiwa yuko wapi?" Nami sina wa kumwonyesha, kwa sababu waliofanyiwa wanarudi mashambani kuona mazao yao.

Ukikataa nitakuelewa na nitaendelea kukuandikia. Kitanda cha chumba chako nimekitandika lakini usilichukulie hilo kama shinikizo. Huwa natandika vitanda.

Mtunza Stoo


5 Mei

Kwa Mtunza Stoo

Haraka haraka, dereva ananisubiri.

Amekataa mara nne. Amefunga sanduku mara tano. Leo asubuhi ameniuliza kama koti langu linaweza kumtosha, maana nasikia kwenu kuna baridi ya asubuhi. Nimemwambia achukue, wanafahamiana.

Mpokeeni Jumanne. Haoni kizingiti, lakini ukimshika mkono atakasirika. Tembea mbele yake huku ukiongea, atafuata sauti, na kila mtu atabaki na heshima yake.

Fundi Cherehani


2 Juni

Wifi yangu,

Naandika hii kwa jicho la kulia, la kushoto nimelipa likizo. Usililie kitambaa cha mteja, litabaki doa.

Nianze na mambo ya maana. Mtunza stoo ni mfupi kuliko barua zake. Mlinzi anagombana na geti kweli, na geti linashinda. Koti lako lina rangi ya kijani! Mwaka mzima nimeliita jeusi na wewe ukaninyamazia. Na mimi mwenyewe, wifi, nimezeeka lini? Nilitazama kioo cha bafuni nikarudi nyuma kumpisha mwenyewe.

Sasa hilo unalolisubiri. Siku ya kambi kulikuwa na watu thelathini na tisa kwenye benchi. Walitangaziwa kwamba muuguzi aliyefanya kazi ya macho miaka thelathini na moja atatangulia. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri yenye mzaha wa mjukuu. Nikafika mlangoni, miguu ikagoma. Siyo kusita, wifi, ni kugoma kabisa, kama punda. Kila mtu anasubiri. Hotuba ikanipotea, nikasikia mdomo wangu unasema kwa sauti kubwa, "Jamani, mimi naogopa." Kisha bibi mmoja akasema, "Hata mimi," mwingine naye akasema hivyo, benchi zima likaanza kucheka, na mimi nikacheka nao. Ndivyo nilivyoingia.

Ilichukua dakika ishirini na sita. Sindano ya ganzi ilichoma, kisha haikuuma tena. Lakini mtu anasikia! Unasikia maji, unasikia kuguswaguswa, unaona mwanga unayeyuka rangi tatu nne. Miaka yote nimewaambia watu hawatasikia kitu, nao wakalala pale wakisikia, wakidhani wao ndio wenye kasoro. Hilo limeniuma kuliko sindano. Ningekuwa na anwani zao ningewaandikia wote.

Kwa hiyo sasa kazi yangu ni benchi. Nakaa, naulizwa, nasema ilivyo. Kuna wanaoondoka bado, sitakudanganya. Juzi waliondoka watatu, mmoja mlangoni kabisa, kwa heshima zote. Waliobaki ni wengi kuliko walioondoka, na mtunza stoo anasema haijawahi kutokea.

Leo asubuhi kulikuwa na mzee mmoja, fundi saa. Ameacha kazi miaka mitatu kwa sababu ya macho. Alishakwenda kunywa maji mara tatu, mara zote akarudi, akakaa mwisho wa benchi. Nikasogea. Tulizungumza hivi, nakuandikia kama ilivyokuwa:

"Wewe ndiye uliyesema unaogopa?"

"Ndiye mimi."

"Ulilia?"

"Kidogo. Upande mmoja."

"Na hilo la pili lini?"

Wifi, swali hilo daktari ameniuliza mara mbili nami nikajibu tutaona. Kila siku nawaeleza watu habari za jicho la kulia, hakuna aliyenigusia la kushoto. Nikamwambia sijaandikisha. Akauliza kwa nini. Nikasema, "Kwa sababu sasa najua ilivyo, na bado naogopa."

Hakusema "aa". Alielekeza uso kwangu, akangoja. Ni mtu wa saa, anajua kungoja. Nikaona kwamba siwezi kuinuka pale nikamwacha na uongo mwingine wa miaka thelathini na moja. Nikamwita mtunza stoo, nikamwambia mbele yake aniandikishe la kushoto, wiki ijayo, Alhamisi. Sauti yangu haikuwa nzuri. Mtunza stoo akaandika, akanionyesha karatasi, nikalisoma jina langu mwenyewe.

Mzee akainama, akavua viatu vyake kimoja kimoja, akavipangusa vumbi kwa kiganja, akanikabidhi. Akasema, "Nishikie hivi. Nikitoka nitavitaka." Akaingia peku, ameshika ukuta.

Mlango umefungwa robo saa sasa, na viatu viko mapajani mwangu.

Wifi yako